Namna ya Kuandika Fedha kwa Mashine: Shilingi, Senti na Sarufi Yake

I

Katika makala hii nimekusudia kueleza jinsi kiasi cha fedha kinavyopasa kuandikwa na programu za kompyuta kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na uchunguzi wa lugha, kwani kwa desturi hesabu tumewaachia wenye hesabu, na mashine tumewaachia wenye mashine. Lakini alama ya shilingi, mkato, nukta, na mahali pa kila kimoja katika mstari, hayo yote ni maandishi. Nayo maandishi ya fedha yana kanuni zake kama tahajia ilivyo na kanuni zake. Mtunga programu asiyezijua kanuni hizo aweza kutoa hesabu iliyo sahihi ndani ya mashine, nayo ikasomwa vibaya machoni pa mtu.

Mimi mwenyewe nilifunzwa jambo hili na kosa langu. Nilikuwa nikikusanya maneno ya biashara ya samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, na pamoja na maneno niliandika bei. Niliziandika kama tuandikavyo sote, mkato ukitenga maelfu. Baadaye nikazitia katika kompyuta niliyoinunua wakati wa masomo yangu Ujerumani, nayo ilikuwa bado inafuata desturi za nchi ile. Huko mkato hutenga sehemu ya desimali, na nukta ndiyo itengayo maelfu. Basi 1,500 yangu ikasomwa kuwa moja na nusu, na 12,500 ikawa kumi na mbili na nusu. Lakini bei zilizo chini ya elfu moja hazikuguswa, kwa kuwa hazikuwa na mkato. Matokeo yake, fungu la samaki la shilingi 800 likawa ghali kuliko gunia zima la dagaa la shilingi 85,000, ambalo mashine ilisema ni 85. Haikunionya, wala haikuwa na sababu ya kunionya. Ilikuwa imesoma sawasawa, ila kwa sarufi ya watu wengine.

Kosa langu halikumdhuru mtu. Lakini pale pale Mwaloni dagaa na samaki wakavu hununuliwa na wafanyabiashara watokao Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mzigo wa lori moja hugharimu mamilioni. Muuzaji wa Mwanza huandika 1,250,000.00. Mnunuzi aliyesomea shule za Kongo, ambako desturi ya Kifaransa na Kibelgiji imeshika mizizi, aghalabu huandika 1.250.000,00. Wakizungumza, wote wawili husema kwa Kiswahili "milioni moja na robo" na kuelewana mara moja. Wakiandika, huachana. Hapo ndipo ninapotaka msomaji aanzie: lugha moja, kiasi kimoja, maandishi mawili.

II

Kabla ya kuiangalia mashine, yafaa tukumbuke kwamba fedha yetu imebadilisha maandishi yake mara nyingi, na kila badiliko limeacha alama katika lugha. Neno "fedha" ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile madini nyeupe. "Pesa" ni la Kihindi. Katika koloni la Wajerumani rupia moja iligawanywa katika pesa 64, hadi mwaka 1904 ulipoletwa mgawanyo wa Heller 100. Na kutoka Heller tukapata "hela", neno ambalo Warundi nao walilichukua wakasema "amahera". Waganda, ng'ambo ya ziwa, husema "ensimbi", yaani kauri, na hivyo wameihifadhi fedha iliyo kongwe kuliko hizo zote.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, ikiwa na senti mia. Hata hivyo makarani waliichukua alama yake kwa Waingereza, ambao shilingi yao ilikuwa na peni kumi na mbili. Mwingereza aliandika 5/6 kwa maana ya shilingi tano na peni sita, na 5/- kwa maana ya shilingi tano bila peni. Karani wa kwetu aliandika 5/50, yaani shilingi tano na senti hamsini, na mahali pasipo na senti akaandika 5/- au 5/=. Waingereza waliiacha shilingi yao mwaka 1971; sisi tungali nayo, na alama ya /= ingali ubaoni katika kila duka la Mwanza, ingawa wengi waiandikao hawaijui asili yake.

Msomaji aichunguze vizuri alama hiyo. Si pambo. Yasema kwamba mahali pa senti pameangaliwa na kuonekana patupu, na kwamba hesabu imefungwa, mtu asije akaongeza tarakimu nyuma. Kwa hiyo mashine inayochapa "5,000.00/=" hunena senti mara mbili: kwanza yasema ni sifuri sifuri, kisha yasema tena kwamba hakuna. Aliyeitunga programu hiyo aliiona /= kuwa ni jina la shilingi, akaibandika mwisho wa namba kama mhuri.

III

Sasa tuingie ndani ya mashine. Jambo la kwanza ambalo mtunga programu hana budi kulishika ni kwamba kiasi cha fedha si maandishi yake. Kiasi ni vitu viwili visivyotengana: namba, na jina la sarafu. Maandishi huja mwisho kabisa, wakati wa kumwonyesha mtu. Programu inayohifadhi "TSh 1,250,000/=" kama maneno haiwezi kujumlisha; na inayohifadhi 1250000 bila kutaja sarafu haijui kama ni shilingi za Tanzania, za Kenya au za Uganda. Kandokando ya Ziwa Victoria kosa hili si la kubuni, kwani nchi zote tatu zinazolizunguka huita fedha yao shilingi, zote huandika "Sh.", na shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya kumi za Tanzania.

Kwa ajili hiyo mataifa yamekubaliana juu ya majina ya herufi tatu, katika kanuni iitwayo ISO 4217. Herufi mbili za kwanza hutaja nchi, na ya tatu kwa kawaida hutaja sarafu: TZS, KES. Ya Uganda ni UGX, na hiyo X ina historia. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha fedha yake, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na jina la kwanza, UGS, likaachwa pamoja na fedha ya zamani.

Kanuni hiyo hiyo hutaja tarakimu za senti kwa kila sarafu. Tanzania, Kenya na Kongo zina mbili. Uganda, Rwanda na Burundi hazina hata moja. Hapa pana mtego. Watunga programu wengi huhifadhi fedha kwa kipimo chake kidogo kabisa, yaani kwa senti, kisha hugawanya kwa mia wakati wa kuandika. Kwa Tanzania ni sawa. Kwa Uganda, mtu aliyelipa 50,000 ataandikiwa 500.

Kwa nini basi wasihifadhi shilingi na sehemu zake kwa desimali moja kwa moja? Sababu ni kwamba mashine huhesabu kwa msingi wa mbili, si wa kumi. Sisi tukiandika theluthi moja kwa desimali hatufiki mwisho: 0.333 na kuendelea. Mashine nayo, ikiandika moja ya kumi kwa msingi wa mbili, haifiki mwisho. Hukata mahali fulani. Ndiyo maana katika JavaScript na Python, 0.1 ikijumlishwa na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini ikirudiwa katika hesabu nyingi, au ikiangukia penye mpaka wa kukadiria, senti hupotea. Dawa yake ni kuhifadhi senti kwa namba kamili, au kutumia aina ya namba iliyotengenezwa kwa desimali, kama vile BigDecimal katika Java na Decimal katika Python.

Namba kamili nazo zina mpaka, na mpaka huo watuumiza sisi kuliko waliozitunga programu ughaibuni. Namba kamili ya biti 32 haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Ikiwa ni senti, hizo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Mtu aandikaye programu ya duka huko Marekani huenda asifike dola milioni 21 maisha yake yote, na kosa lake halitaonekana. Huku kwetu, lori moja au nyumba moja huvuka kiasi hicho kwa urahisi. Katika lugha kama Java, namba ikivuka mpaka haisimami. Huzunguka ikatokea upande wa hasi, na mwenye mali akaandikiwa kwamba ana deni. Hapana budi kutumia biti 64.

Neno moja juu ya kukadiria. Senti hazionekani tena mkononi, lakini bado zimo katika hesabu. Bidhaa ya shilingi 1,000 iliyojumlishiwa ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi yake ni 152.54 baada ya kukadiria. Bidhaa tatu za namna hiyo, kodi zao zikijumlishwa moja moja, hutoa 457.62, lakini kodi ikitolewa mara moja katika 3,000 ni 457.63. Zote mbili ni hesabu halali. Lililo kosa ni programu kukadiria kwa njia moja katika mistari na kwa njia nyingine katika jumla, kisha muuzaji akaachwa amweleze mteja kwa nini risiti haijumlishiki.

IV

Hesabu ikiwa imara, ndipo tufike katika maandishi, na hapa sarufi ina neno.

Katika Kiswahili nomino hutangulia na namba hufuata: samaki watatu, shilingi tano. Mwingereza husema namba kwanza, kisha jina la sarafu, ijapokuwa huandika alama ya pauni mbele. Sisi mpangilio wa usemi na wa maandishi ni mmoja: "Sh. 5,000" husomwa kama ilivyoandikwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Programu inayochapa "5,000 TSh" humlazimisha msomaji kurudi nyuma. Hali kadhalika pawepo nafasi kati ya alama na tarakimu, nayo iwe ile nafasi isiyokatika, ili alama isibaki mwisho wa mstari mmoja na namba ikaanguka katika mstari unaofuata.

Jambo la pili ni upatanisho. Katika Kiingereza umoja na wingi huonekana katika jina lenyewe la shilingi. Katika Kiswahili jina halibadiliki. Kinachobadilika ni kiunganishi: shilingi moja ya Tanzania, shilingi mbili za Tanzania. Programu iliyotungwa kwa kudhani kwamba wingi ni kuongeza herufi mwisho wa neno haiwezi kusema sentensi hiyo ndogo bila kukosea. Ni lazima ipewe maumbo mawili kamili, la moja na la nyingi.

Mtunga programu hana haja ya kuyabuni haya upya. Ipo hazina kubwa ya desturi za lugha na nchi, iitwayo CLDR, inayotunzwa na jumuiya ya Unicode, na lugha nyingi za programu huchota humo. Katika JavaScript, kwa mfano, chombo kiitwacho Intl.NumberFormat huambiwa mambo mawili mbalimbali: kwanza lugha na nchi ya msomaji, kwa mfano sw-TZ, pili sarafu, kwa mfano TZS. Nacho huweka alama ya TSh mbele, mkato kila tarakimu tatu, na nukta kabla ya senti. Na mtunga programu asiyetaka senti zionekane huweza kuagiza hivyo. Akiandika sw-CD, yaani Kiswahili cha Kongo, nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti. Namba iliyohifadhiwa ni ile ile.

Nasisitiza kwamba mambo hayo mawili ni mbalimbali. Sarafu ni ya fedha; desturi ya kuandika ni ya msomaji. Mkongo anaponunua dagaa kwa shilingi za Tanzania, fedha haikugeuka kuwa ya Kongo kwa sababu msomaji ni Mkongo. Kosa kubwa la programu nyingi ni kuyafunga mawili hayo pamoja, hata mtu akibadilisha lugha ya skrini, akaona na sarafu imebadilika huku tarakimu zikibaki zile zile.

V

Limebaki swali tulilolianza. Risiti ya Mwaloni ina wasomaji wawili: aliyeitoa na aliyeipokea, na karatasi haiwezi kufuata desturi mbili kwa wakati mmoja. Katika 1.250 mmoja aona elfu moja na mia mbili hamsini, na mwingine aona moja na robo. Twaweza kupunguza hatari kwa kuandika TZS badala ya "Sh." peke yake, na kwa kuacha senti pasipohitajika. Lakini ulinzi ulio bora ni ule wa makarani wa zamani: kuandika kiasi kwa maneno. Tarakimu zina desturi mbili. Kiswahili cha kusemwa ni kimoja.

Hapa, hata hivyo, mashine hukutana na ugumu uliomo ndani ya lugha yenyewe. "Elfu ishirini na tano" ni ngapi? Wengi watasema 25,000. Lakini maneno hayo hayo yaweza kuwa 20,005. "Elfu mia mbili" ni 200,000, au ni elfu moja na mia mbili iliyofupishwa? Sokoni hatuoni shida, kwa kuwa bidhaa iko mbele yetu na sauti husaidia: hutua kidogo baada ya "ishirini", nasi tukaelewa. Karatasi haina sauti, na mashine haina dagaa mbele yake.

Napendekeza kanuni moja. Idadi ya maelfu ikiwa kati ya moja na tisa, "elfu" itangulie, kama ilivyo kawaida: elfu tano na mia mbili. Ikiwa ni kumi au zaidi, "elfu" ifuate: ishirini na tano elfu kwa 25,000, ishirini elfu na tano kwa 20,005, mia mbili elfu kwa 200,000. Mpangilio huu si mgeni. Wapo wazee na vitabu vya zamani vilivyousema hivyo, nasi twaurudisha kazini tu. Neno "laki", ambalo nalo tulilipata kwa Wahindi, huondoa nusu ya shida, kwani anayesema "laki mbili" hana haja ya kusema "elfu mia mbili". Na wanaolipenda waendelee nalo. Lakini halisaidii chochote katika "elfu ishirini na tano", kwa hiyo kanuni ya mpangilio ingali yahitajika. Kwa mtunga programu kazi ni nyepesi: aigawe namba katika mamilioni, maelfu na mabaki, aulize kama maelfu yamefika kumi, kisha apange maneno.

Na mwisho wa yote aandike "tu". Shilingi milioni moja na mia mbili hamsini elfu tu. Neno hili fupi hufanya katika maneno kazi ile ile inayofanywa na /= katika tarakimu: hufunga hesabu, mtu asipate mahali pa kuongeza neno jingine. Nimeona programu za risiti zilizoacha "tu" kwa kuiona ni neno lisilo na maana, kwa sababu haimo katika namba. Ni kweli haimo katika namba. Imo katika ahadi.

VI

Tuyakusanye sasa yaliyosemwa. Mashine ihifadhi namba kamili pamoja na jina la sarafu, na iwe na nafasi ya kutosha mamilioni yetu. Ijue sarafu ipi ina senti na ipi haina. Ikadirie kwa njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Iandike kwa desturi ya msomaji, bila kugusa sarafu. Na karatasi ikivuka mpaka, iandike na kwa maneno.

Katika hayo, ya kwanza ni ya wenye mashine, nao wanayafahamu vizuri kuliko mimi. Ya mwisho ni yetu. Yaliyomo katika hazina ya CLDR hayakushuka kutoka mbinguni: hupendekezwa na kupigiwa kura na makampuni, mashirika na watu wa kujitolea, na lugha isiyo na wa kuisemea husemewa na wengine. Wanafunzi wetu wa isimu hutumia miezi mingi kuchunguza ngeli. Yafaa baadhi yao waende Kirumba na Ukerewe, Kisumu na Bukavu, wakaandike jinsi watu wanavyoyaandika na kuyatamka mamilioni yao, kisha wayapeleke mahali yanapoamuliwa. Pale Mwaloni mnunuzi hapandishi mzigo kabla hajaisoma risiti mwenyewe, kwa sauti, na muuzaji akamwitikia. Wawili hao wakisoma karatasi moja na kutamka kiasi kimoja, kazi yetu itakuwa imekamilika.